Ghorofa Iliyokataliwa, Ukuta Ulioanguka: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Mirathi Ndani ya Eneo la Hifadhi

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya mawe katika mmoja wa miji mikongwe ya pwani yetu, warithi wake kumi na wanne, na ofisi ya hifadhi yenye wajibu wa kuhakikisha nyumba kama hiyo haibadilishwi sura. Nilihusika katika nusu yake ya pili, familia iliponiomba niwasaidie kupanga upya maombi yao ya kibali. Mji, mtaa na majina nimeviacha, na mambo machache ambayo yangemfanya jirani aseme "hawa nawajua" nimeyabadilisha. Miji ninayoitaja kwa jina nimeitaja kwa ajili ya sheria zake tu.

Ninaandika kwa ajili ya familia zenye nyumba za mirathi ndani ya maeneo haya, na kwa wale wanaotunga au kurekebisha kanuni zenyewe. Kanuni za hifadhi huandikwa zimzuie mtu anayetaka kujenga. Nyumba hii ilikuwa ikiliwa na maji, na hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye mamlaka ya kisheria ya kuyazuia.

## Eneo la hifadhi linavyoanzishwa

Mji kuwa wa zamani hakuupi ulinzi wowote. Ulinzi unaanza pale sheria inapochora mpaka kwenye ramani, ikataja chombo cha kusimamia yaliyo ndani ya mpaka huo, na ikaorodhesha mambo ambayo mwenye nyumba hayafanyi bila kibali.

Zanzibar ilianza na chombo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, eneo likatangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1988, kisha mwaka 1994 ikaja sheria mahususi, sambamba na mpango mkuu wa hifadhi uliotayarishwa kwa ushirikiano na Aga Khan Trust for Culture. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia, kiini chake kikiwa hekta 96, na sheria ya Mamlaka ikaandikwa upya mwaka 2010. Lamu ilitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali mwaka 1986, ikaingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na leo inalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mipango ya ardhi na vibali vya ujenzi pia vinapita mikononi mwa serikali ya kaunti, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kuwa na milango miwili ya kubisha. Mji wa Kale wa Mombasa nao ulitangazwa mwaka 1990.

Wazo la kulinda mtaa mzima, badala ya jengo moja moja lenye jina, lina historia ndefu kwingineko. Marekani lilianzia Charleston, ambako mji wenyewe ulipitisha kanuni za eneo la kihistoria mwaka 1931. New Orleans ikafuata miaka michache baadaye kwa ajili ya mtaa wake wa kale wa Kifaransa. Nitaurudia mji huo wa pili, kwa sababu ulikutana na tatizo lile lile la nyumba yetu.

Yaliyomo kwenye kanuni hayapishani sana kutoka mji hadi mji. Kibali kinahitajika ili kubomoa, kuongeza ghorofa, kubadili sura ya mbele, kupanua au kuziba dirisha, kung'oa mlango wa nakshi, kuvunja baraza ya nje, kutundika bango, au kugeuza makazi kuwa nyumba ya wageni. Majengo hupangwa kwa madaraja kulingana na thamani yake, na kuzunguka kiini huwekwa ukanda wa kinga ambamo masharti ni mepesi zaidi.

Suala la urefu ndilo linalozua ugomvi mwingi, na mara nyingi watu hudhani ni ubishi wa ofisi. Nyumba hizi hazina nguzo. Uzito wote unabebwa na kuta za mawe ya matumbawe, mawe laini yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na ghorofa mpya ya zege inashusha mzigo ambao ukuta haukuwahi kuandaliwa kuubeba. Tena vichochoro ni vyembamba. Ghorofa moja ya ziada upande wa upepo inatosha kumnyima jirani hewa na mwanga maisha yake yote.

## Nyumba na wenyewe

Nyumba ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na katikati kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba umefuata urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haivuki vizuri zaidi ya kama mita tatu. Paa la kwanza lilikuwa sakafu ya chokaa iliyopondwa kwa magongo mpaka ikashikana. Lilipoanza kupasuka, kizazi cha pili kikaweka mabati juu yake. Kizazi cha tatu kikakuta mabati yametoboka na milizamu, mifereji ya kutolea maji ya mvua paani, imeziba kwa majani.

Kulikuwa na jambo jingine lililofanywa kwa nia njema kabisa. Miaka mingi iliyopita, ukuta wa chini ulipoanza kutoa unga mweupe wa chumvi, familia iliita fundi akaupiga lipu ya saruji, ndani na nje, kimo cha mtu. Ukuta ukapendeza. Lakini ukuta wa chokaa hukauka kwa kupumua: maji yanayopanda kutoka ardhini yanatokea usoni pake na kupeperuka. Saruji iliyafungia. Yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yakafika kwenye vichwa vya boriti vilivyopachikwa ndani ya ukuta, na huko yakakaa.

Nyumba ilikuwa ya babu. Alipofariki, mirathi haikugawanywa, na baadhi ya warithi wake nao walifariki wakaacha warithi wao, mirathi juu ya mirathi. Wakati kisa kinaanza walikuwa watu wazima kumi na wanne wenye fungu: wengine wako mji ule ule, wengine bara, watatu Muscat, mmoja Uingereza. Aliyekaa ndani ni mmoja tu, binti wa babu, ambaye wote walimwita Shangazi, hata mimi na mafundi tukazoea. Aliishi ghorofa ya kati. Chini palikuwa na maduka mawili yaliyopangishwa kwa kodi ya zamani, na juu pamefungwa.

## Mfululizo wa matukio

Katika masika ya mwaka wa kwanza, kipande cha ukuta wa nyuma upande wa choo cha juu kilimomonyoka na kuangukia uani alfajiri. Hakuumia mtu. Wakaguzi walikuja, wakafunga duka moja lililokuwa chini ya sehemu ile, wakaacha barua: nyumba itegemezwe kwa magogo, na isifanyiwe kazi nyingine yoyote bila kibali. Barua iliandikwa kwa jina la babu, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa kwenye kumbukumbu. Aliyeipokea ni Shangazi, ambaye hakuwa na idhini ya wenzake hata ya kuuza mlango uliovunjika, sembuse kuingia mkataba na fundi.

Familia iligawanyika. Baadhi walitaka kuuza. Kijana wa marehemu kaka yake Shangazi alimleta mwekezaji aliyekuwa tayari kugharimia kila kitu, kwa sharti apewe nyumba kwa mkataba mrefu na aruhusiwe kuongeza ghorofa ya tatu yenye mkahawa juu ya paa. Mchora ramani wao alitoka nje ya mji na alizoea nyumba za viwanja vipya. Ramani aliyochora ilikuwa na nguzo za zege ndani ya kuta, kiwanda kimefunikwa ili kupata vyumba zaidi, madirisha ya alumini, na baraza ya mbele imevunjwa ili kupanua mlango wa duka. Ombi likakataliwa lote.

Kilichofuata ndicho kilichoumiza zaidi. Mkandarasi wa mwekezaji aliingia kati ya Ijumaa mchana na Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa, akamwaga nguzo tatu za zege ghorofa ya chini. Alichimba misingi yake kando kabisa ya ukuta mkongwe. Jumatatu jirani alipiga simu, kazi ikasimamishwa kwa rangi nyekundu ukutani na kwa barua. Mwekezaji akaondoka. Shimo moja likabaki wazi pembeni mwa ukuta, likajaa maji.

Mwaka mzima ulipita bila jambo lolote kufanyika. Familia iliamini imekatazwa kugusa chochote, na kwa maandishi ya ile barua ya kwanza hawakukosea sana kuelewa hivyo. Kwa upande wa ofisi, faili lilikuwa na ombi lililokataliwa na ujenzi uliosimamishwa, kwa hiyo kiutaratibu hapakuwa na kazi inayosubiri. Masika ya pili yalikuta paa lile lile. Sehemu ya sakafu ya ghorofa ya pili ikaporomoka, boriti zikiwa zimekatika palepale zinapoingia ukutani.

Ndipo nilipoitwa. Ziara ya kwanza nilikwenda na fundi mwashi mmoja, mtu wa makamo aliyefundishwa kazi ya chokaa na baba yake. Alikwangua lipu ya saruji kwa patasi karibu na ngazi. Kipande kilitoka kizima, kikubwa kama sinia, na nyuma yake jiwe lilikuwa jeusi kwa maji, udongo wa katikati ukitoka kwa kidole. Kisha akaingiza msumari kwenye kichwa cha boriti. Ukazama wote bila nyundo. Akasogea nusu mita kuelekea katikati ya chumba, akajaribu tena boriti ile ile, na msumari ukagoma.

"Shangazi, mti huu mzima. Umeoza mahali ulipofungiwa tu," alisema.

"Basi mfungueni, mwanangu," akajibu. "Mimi sina pa kwenda."

Majaribio yale yalibadilisha mjadala. Mpaka siku ile familia nzima iliamini nyumba imekwisha, na kwamba uamuzi uliopo ni kati ya zege na kuuza.

## Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kabisa habari ya ramani na kuomba kibali cha dharura cha mambo matatu: mabati ya muda juu ya paa, magogo ya kutegemeza, na kuzibua na kuelekeza milizamu iteme maji mbali na ukuta. Ofisi yoyote ya hifadhi huogopa maombi ya namna hii, na ina haki, kwa sababu kilicho cha muda kina tabia ya kudumu. Kwa hiyo ombi lilitaja tarehe ya kuondoa mabati, likaambatanishwa na picha za kila chumba kabla ya kazi, na likasema waziwazi kwamba hakuna ukuta utakaojengwa. Lilikubaliwa haraka. Shimo la mwekezaji lilifukiwa kwa udongo na kokoto chini ya kibali hicho hicho.

Uamuzi wa pili ulihusu saini, na ndio uliochukua nguvu nyingi kuliko yote. Warithi walikwenda mahakama ya kadhi, mafungu yakahesabiwa kwa mara ya kwanza tangu babu afariki, na akateuliwa msimamizi mmoja, binamu aliyekuwa mwalimu na ambaye pande zote zilimwamini. Pamoja na hukumu, familia iliandika makubaliano yake. Msimamizi anaweza kuomba vibali, kusaini na mafundi, na kukusanya kodi za maduka kwenye akaunti moja ya matengenezo. Hawezi kuuza wala kukodisha nyumba nzima bila maandishi ya wote. Shangazi ana haki ya kukaa ghorofa ya kati maisha yake yote. Sharti hili la mwisho lilimtuliza kila mtu, hata waliotaka kuuza, kwa sababu liliondoa hofu kwamba matengenezo ni njia ya kumhamisha mama wa watu. Waliokuwa Muscat na Uingereza walishiriki kwa simu, na kila kikao kiliandikwa na kusomwa kwenye kundi la familia kabla ya kuhesabiwa kuwa kimepita.

Kuna waliolalamika kwamba tunapoteza muda mahakamani huku nyumba inaanguka. Sikubaliani nao. Bila msimamizi, kibali chochote kingetolewa kwa mtu ambaye mrithi mwingine angeweza kumpinga kesho yake, na fundi makini haanzi kazi katika hali hiyo. Mabati ya muda ndiyo yaliyotununulia ule muda.

Kisha tukagawa ombi mara mbili. Ombi la kwanza lilikuwa la matengenezo tu, kila kitu kirudi kwa vifaa na vipimo vyake: boriti kwa boriti, chokaa kwa chokaa, madirisha ya mbao. La pili, lililopelekwa baadaye, lilihusu matumizi ya ghorofa ya juu. Ombi la mwekezaji lilichanganya mambo yasiyokubalika na mambo ambayo hakuna mtu angeyapinga, na likafa lote. Ukuta wa nyuma ulikuwa na haki ya kujengwa hata kama mkahawa haukuwa na haki hiyo.

Kuhusu lipu, fundi alishauri saruji yote ya chini ibanduliwe na ukuta uachwe uchi kiangazi kizima kabla ya kupakwa chochote. Hili lilikuwa gumu kwa warithi waliokwisha kuchanga fedha na kutaka kuona rangi. Lakini chokaa mpya juu ya ukuta uliojaa chumvi hung'oka katika miezi michache, na gharama hulipwa mara mbili. Wakati ukuta unakauka, chokaa ilichujwa na kulowekwa kwenye shimo uani, ikiachwa iive taratibu. Vyoo vilivyokuwa vimetapakaa vilikusanywa upande mmoja, mabomba yakapitishwa wazi kwenye kuta za kiwanda ambako kuvuja kunaonekana siku hiyo hiyo, badala ya kufukiwa ndani ya ukuta.

Paa lilizua mjadala wa kweli. Kurudisha sakafu ya chokaa kungekuwa uaminifu kamili kwa nyumba ya awali, na moyoni ndiko nilikokupenda. Mhandisi alihesabu uzito wake juu ya kuta zilizochoka, akakataa. Mwisho ofisi iliridhia mabati yenye mwinamo mdogo, yamefichwa nyuma ya ukuta wa ukingo yasionekane kutoka kichochoroni, kwa hoja kwamba mabati yalikuwa sehemu ya historia ya nyumba kwa vizazi viwili. Naona walifanya sawa.

Zilibaki zile nguzo tatu za zege. Moja ilikuwa haijashikana na kitu, ikavunjwa kwa mkono bila mashine. Mbili zilikuwa zimegusa ukuta, na mhandisi alisema mtetemo wa kuzivunja ni hatari kuliko kuziacha. Ziliachwa, zikakatwa kwa juu zisibebe chochote, na sababu ikaandikwa kwenye faili pamoja na maneno kwamba uamuzi huu si kielelezo kwa nyumba nyingine. Niliomba maneno hayo yaandikwe. Pasipo hayo, mtu mwingine angejifunza kwamba zege lililomwagwa Jumamosi hubaki salama.

## Matokeo

Ukuta wa nyuma umejengwa, sakafu iliyoporomoka imerudishwa kwa boriti mpya, na Shangazi hakuhama hata mara moja, ila alilala vyumba vya mbele kwa muda wakati kazi ikiwa nyuma. Duka lililofungwa limefunguliwa, na kodi za maduka yote mawili zimepandishwa kwa mazungumzo na wapangaji. Mlango wa nakshi, ambao dalali mmoja aliufuata mara kadhaa nyumba ilipokuwa na nyufa, uko mahali pake.

Ghorofa ya juu imekamilika nusu. Vyumba viwili vinakalika, vingine vina kuta na paa tu, kwa sababu fedha za mchango ziliisha na familia iliamua kusubiri kodi zijikusanye badala ya kukopa. Mrithi mmoja amejitoa kwenye makubaliano na anadai fungu lake lithaminiwe. Shauri hilo linaendelea.

## Uchambuzi

Nianze na lililo zuri upande wa kanuni. Kukataa ghorofa ya tatu kulikuwa sahihi. Tulipobandua saruji na kuona hali ya ukuta wa chini, hakuna aliyebaki na shaka: ghorofa ile ingeshuka na watu ndani yake. Mpaka uliochorwa kwenye ramani na sharti la kibali ndivyo vilivyoizuia, na vilifanya hivyo dhidi ya fedha nyingi na familia iliyokata tamaa. Wanaosema kanuni hizi ni kikwazo tu waiangalie hatua hii.

Tatizo ni kilichofuata baada ya kukataa. Utaratibu ulikuwa na nafasi ya jibu la ndiyo au hapana kwa ramani iliyoletwa, na haukumlazimu yeyote kusema ni kitu gani kingekubalika kwa nyumba hiyo. Familia ikasoma "hapana" kama katazo la kuigusa nyumba. Barua ya kukataa ingekuwa na aya moja ya ziada, kwamba matengenezo ya paa na milizamu kwa vifaa vilevile yanaweza kuombwa tofauti na hayahitaji ramani kubwa, naamini sakafu ya ghorofa ya pili isingeanguka. Na kabla ya hapo, kikao cha saa moja kati ya mchora ramani na mkaguzi, ndani ya nyumba yenyewe, kingeokoa gharama za michoro yote. Kikao cha namna hiyo kinafaa kuwa sharti la kupokea ombi, si hisani.

Jambo la pili ni kwamba kanuni zilijua kushughulika na tendo, hazikujua kushughulika na kutotenda. Mtu akivunja baraza, kuna kosa na kuna adhabu. Paa likivuja miaka kumi, hakuna tarehe ya kosa. Hapa ndipo New Orleans ina la kutufundisha. Kanuni za mtaa wake wa kale zinamtaka mwenye nyumba aitunze, si asiibomoe tu, na mwenye nyumba mmoja alipolipinga sharti hilo, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 1975 kwamba mji unaruhusiwa kuliweka. Miji mingi ya Marekani ina vifungu dhidi ya kile tunachoweza kukiita kubomoa kwa kutelekeza. Ila kifungu kama hicho kikiletwa kwetu peke yake, kitamwangukia Shangazi. Sharti la kutunza linahitaji mfuko wa mikopo midogo ya paa na milizamu, msamaha wa ada za kibali cha matengenezo, na kipengele cha shida ya kifedha ambacho mwenye nyumba anaweza kukitumia kabla faini haijaandikwa. Miji mingi iliyoweka sharti iliweka na njia ya kujieleza pia.

Wala uzembe wa familia moja si maelezo ya kutosha ya nyumba za namna hii kuanguka. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash, ni jengo la serikali linalojulikana duniani, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea. Majengo haya yakishakunywa maji kwa miaka mingi hayatoi onyo refu.

Tatu, jina kwenye barua. Sheria nyingi za hifadhi humwandikia "mmiliki" kana kwamba ni mtu mmoja aliye hai. Katika miji yetu nyumba nyingi ni za mirathi isiyogawanywa, nyingine ni wakfu, na Zanzibar zipo zilizoingia mikononi mwa serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Ofisi ya hifadhi haina uwezo wa kugawa mirathi, lakini inaweza kuweka daftari la msimamizi wa kila nyumba, ikalihuisha kila mwaka kupitia wazee wa mtaa, na ikakubali saini ya aliyemo ndani kwa kazi za dharura tu, zilizoorodheshwa. Mabati, magogo na milizamu havimnyang'anyi mrithi yeyote fungu lake.

Nne, Ijumaa mpaka Jumapili. Kila fundi wa mji ule alijua kwamba wakaguzi hawatembei siku hizo. Jirani ndiye aliyetoa taarifa, na alisita siku mbili kwa sababu hakutaka ugomvi na familia aliyokua nayo. Namba ya simu inayopokelewa siku zote, na taarifa isiyotaja jina la mtoaji, ni vitu vya gharama ndogo kuliko nguzo moja ya zege.

Kwa upande wa familia, kosa kubwa lilitangulia kisa chenyewe: kodi za maduka ziligawanywa kidogo kidogo kwa miaka mingi bila hata senti kwenda kwenye paa. Nimeziona nyumba nyingine za aina hii, na karibu zote zina mapato ya chini ambayo yangetosha kuzibua milizamu na kubadili mabati kila yanapotoboka. Akaunti moja ya matengenezo, yenye watia saini wawili, ingewafaa zaidi ya mwekezaji yeyote. Na kumkabidhi mtu wa nje kazi ya kuzungumza na ofisi kuliwafanya warithi wasisikie sababu za kukataliwa kwa masikio yao. Walizisikia kwa mwekezaji, aliyewaambia kwamba ofisi haitaki maendeleo.

## Yanayosubiri

Ombi la pili, la kupangisha vyumba vya juu kwa wageni, liko mezani. Ofisi imeuliza maswali mawili ya haki: maji taka ya vyoo vya ziada yatakwenda wapi, na kelele zitamfikiaje jirani wa ukuta mmoja. Msimamizi amejibu la kwanza kwa mchoro wa mabomba. La pili linahitaji kikao na jirani huyo huyo aliyepiga simu Jumatatu ile, na Shangazi amesema atakwenda mwenyewe kumwomba.